Kwetu Macho Ni Mazima

Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya Cibitoke, na kila mwaka ilifika zamu ya somo la jicho. Nilichora duara kubwa ubaoni, ndani yake duara la pili, na katikati doa jeusi. Tulifundisha kwa Kifaransa, kwa hiyo pembeni niliandika cornée, iris, pupille, na watoto wakayaimba majina hayo pamoja nami. Waliponiuliza iris ni kitu gani, niliwaambia kwa Kiswahili kwamba ni ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni. Mwanga ukizidi inabana, ukipungua inafunguka. Neno moja la Kiswahili la kuwapa sikuwa nalo. Nyumbani kwetu tulisema mboni tukimaanisha vyote viwili, na majirani waliosema Kirundi walisema imboni vivyo hivyo. Macho yetu sisi ni meusi, au ya kahawia iliyokolea sana. Mtu hasimami mbele ya mwenzake akachunguza duara moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi.

Naanzia hapo kwa sababu watu bado wananiuliza nilikosaje kuona. Niliishi na mwanaume miaka mingi, nikalala naye, nikala naye, na nilikuwa nafundisha jicho. Sikuona.

Mume wangu aliuza vipuri vya pikipiki sokoni Jabe. Familia yao ni ya zamani mjini, Waislamu wa tangu mababu, watu wenye heshima yao pale mtaani, na mama yangu alifurahi sana walipoleta posa. Mume wangu alivaa miwani myeusi muda wote, hata dukani, hata sebuleni. Aliniambia kwamba ujanani alikuwa fundi wa kuchomelea, cheche zikamrukia machoni, na tangu siku hiyo jua linamuumiza. Nilimhurumia. Nilishona mapazia mazito ya chumba chetu cha kulala ili apumzike vizuri mchana. Akivua miwani alifumba macho nusu, na mimi nilidhani ni ile ajali.

Binti yetu alipozaliwa alikuwa mzima, analia vizuri, ananyonya vizuri. Ila macho yake yalikuwa meusi yote. Wageni waliokuja kumwona walimsifu, wakasema ana macho makubwa kama ya malaika. Baada ya muda nikaona kwamba nikitoka naye uani anakunja uso na kuuficha kifuani kwangu, na ndani ya nyumba macho yake hayatulii, yanatikisika kushoto na kulia kama anayesoma kitu kwa haraka. Dada yangu alimpiga picha kwa simu, na pale penye macho yakatoka madoa mawili mekundu yanayong'aa. Mama mkwe alipoiona ile picha aliirudisha haraka mkononi mwa dada yangu.

"Ni macho ya paka," alisema. "Ulipokuwa na mimba ulikuwa unapita wapi?"

"Nilikuwa napita njia ya shuleni, mama."

"Basi kuna kitu ulikutana nacho njiani."

Nilimpeleka mtoto kwa daktari wa macho. Mume wangu alisema hawezi kufunga duka, lakini mama yake alisisitiza kuja, na nilishukuru kuwa na mtu wa kunishikia mkoba. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, asiyepoteza maneno. Aliomba pazia lishushwe, akammulika mtoto kwa taa ndogo, jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akarudia. Mtoto alilia mpaka akakauka sauti.

"Madamu, unafanya kazi gani?" aliniuliza.

Nikamwambia ni mwalimu.

"Basi unajua iris ni nini. Mtoto wako hana. Imebaki kama ukingo mdogo sana pembeni. Hali hii inaitwa aniridie."

Aliligawa lile neno kama mimi nilivyokuwa nikiwagawia watoto maneno ubaoni: mwanzo wake maana yake ni kukosa, na kilichobaki ni iris. Akaniambia kwamba mwanga unaingia wote bila wa kuuzuia, ndiyo maana anajificha. Kule kutikisika kwa macho kunaitwa nystagmus, na kunatokea kwa sababu sehemu ya ndani inayoona vitu vidogo haikukomaa. Ataona, alisema, lakini kwa shida. Na baadaye tutalazimika kupima presha ya macho mara kwa mara, maana watoto hawa hupata glaucome, na hiyo huua jicho bila kelele.

Nilisikiliza kama mwanafunzi. Kilichonishangaza ni kwamba sikulia. Nilikuwa nafikiria lile duara la pili ubaoni, nililopaka chaki ya rangi kila mwaka ili lipendeze.

Kisha daktari akauliza swali ambalo miaka yote iliyofuata ilitokana na jibu lake. Aliuliza kama katika familia, upande wangu au upande wa baba, kuna mtu mwenye macho ya namna hii, au asiyependa jua, au aliyepofuka mapema.

Nikasema upande wangu simjui. Nikamgeukia mama mkwe.

"Apana," alisema. Alikuwa amekaa wima, mkoba wangu mapajani. "Kwetu hakuna mutu wa namna hiyo. Kwetu macho ni mazima."

"Na baba yake?"

"Mutoto wangu aliumia kwa soudure, akichomelea. Hiyo ni ajali."

Daktari alinitazama, nikatikisa kichwa kukubali, maana ndivyo nilivyojua. Akasema angependa kumwona baba huyo. Halafu akanieleza, polepole sasa, kwamba ugonjwa huu ukiwa wa familia unarithiwa, mzazi anampa mtoto. Lakini ukizuka wenyewe, kwa mtoto ambaye hakuna mwenzake katika ukoo, unaitwa sporadique, na hapo kuna hofu nyingine. Baadhi ya watoto hao hupata uvimbe mbaya kwenye figo wakiwa wadogo. Kwa hiyo binti yangu alipaswa kupigwa échographie ya tumbo, ile picha ya mashine, kila baada ya miezi michache, mpaka avuke umri wa hatari.

Mama mkwe alisikia yote hayo. Kifaransa alikielewa vizuri. Alikuwa amewauzia Wazungu na Wahindi vitambaa dukani ujana wake wote. Alisikia neno figo, alisikia neno uvimbe, akanyamaza.

Mume wangu hakwenda kwa daktari. Nilimwomba asubuhi, nilimwomba Ijumaa baada ya swala, nilimwomba mbele ya kaka yangu. Siku moja alinijibu: "Mi sina ugonjwa. Mugonjwa ni mutoto. Mupeleke mutoto." Nikampeleka. Kila mara alilala kwenye kitanda cha plastiki, mimi nimemwinamia, fundi wa mashine akimpaka ile dawa baridi tumboni. Siku kadhaa kabla ya kipimo sikuweza kula. Nikimwogesha nilimpapasa ubavuni nikitafuta uvimbe, na nikigusa mbavu zake nilishtuka. Alijifunza kusema neno échographie kabla ya kujua kutaja rangi. Akiona nimetoa kile kitenge cha safari alinyoosha mkono kwenye tumbo lake mwenyewe akauliza, "Leo tena?"

Mtaani alitembea akiwa ameinamisha kichwa chini ya kofia, kwa hiyo watoto wenzake walimwona ana kiburi, na wakubwa waliona ana jini. Mama mkwe alimleta shehe amsomee. Sikukataa, dua haidhuru. Lakini nilimwona mama mkwe wakati wa kisomo, na uso wake haukuwa wa mtu anayeomba. Ulikuwa wa mtu anayesubiri jambo liishe.

Kisha ukaja ule msimu wa mvua nyingi. Mtaa wa Buterere ulifurika, maji yakaingia kwenye nyumba za udongo na mashamba ya mpunga yakawa ziwa. Nilisikia kwamba jamaa za mume wangu waliokaa huko wameletwa Jabe kwa mama mkwe. Mimi sikujua kama ana jamaa Buterere. Nilipika sufuria ya wali na maharage, nikamshika binti yangu mkono, nikaenda kuwasalimia.

Nyumba ilijaa magodoro yaliyolowa. Mama mkwe alikuwa uani akigombana na mtu juu ya maji ya kunywa. Binti yangu, ambaye jua la uani lilimuumiza, alikimbilia chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha, ambacho siku zote kilikuwa stoo. Nilimfuata. Ndani nikamkuta ameketi kwenye mkeka ubavuni mwa mama mzee aliyejifunika kitenge kichwani mpaka usoni. Walikuwa wanaongea.

Nilisalimia. Yule mama alijibu kwa adabu, akasema yeye ni shangazi ya mume wangu, dada ya baba yake, na kwamba maji yamemtoa nyumbani. Kisha akampapasa binti yangu shavuni, akainua kitenge chake kidogo ili amwone kwa karibu, karibu kabisa, pua kwa pua.

"Huyu mutoto iko na macho yetu," alisema.

Nilisogea, nikapiga magoti, na kwa mwanga mdogo wa mlangoni nikayatazama macho yake. Moja lilikuwa limeingia ukungu mweupe. Lingine lilikuwa jeusi lote na lilikuwa linatikisika.

"Yetu na nani, shangazi?"

"Yangu. Ya marehemu babu yake. Ya bwana wako." Alishangaa kwamba nauliza. "Hawakukwambia? Alipozaliwa bwana wako, mama yake alikuja kulia kwangu Buterere. Nilimwambia, usilie, huyu ataona zaidi kuliko mi, mboni yake imebaki nusu. Mi ndiye nilimufundisha kuvaa kofia."

Mama mkwe alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa na kikombe cha maji mkononi.

"Nyamaza," alimwambia wifi yake.

"Ninyamaze nini? Mutoto si huyu hapa?"

"Nimesema unyamaze."

Nilisimama. Nilitaka kusema mambo mengi, na ninayakumbuka yote hadi leo, lakini lililotoka ni moja tu. "Mama, wewe ulikuwepo daktari aliposema figo."

Aliangalia kikombe chake. "Ungemwacha," alisema. "Mwanamuke akijua, anaacha. Huyu wifi yangu nani alimuoa?"

Niliondoka na mtoto. Sufuria yangu niliiacha.

Mume wangu aliporudi jioni nilimwambia avue miwani. Alijua, kwa sababu mama yake alikuwa ameshampigia simu. Aliivua, akaiweka mezani, na kwa mara ya kwanza akaniacha nimtazame taa ikiwa imewaka. Mboni zake hazikuwa za duara. Upande wa chini iris ilikuwa imekatika, na ile iliyobaki juu ilikuwa nyembamba kama kucha. Machozi yalimtoka kwa sababu ya taa. Sijui kama kulikuwa na sababu nyingine.

"Kama ningekwambia, ungekubali tuoane?"

"Sijui. Lakini ningejua ninachokubali."

"Unaona? Husemi ndiyo."

"Na échographie? Miaka yote hii natafuta uvimbe kwenye tumbo la mtoto wako. Hilo nalo uliogopa kuniambia?"

Akajibu jambo ambalo sijalisamehe. Alisema, "Kupima si kubaya. Kungekuwa na kitu wangekiona."

Daktari aliponisikiliza alivua miwani yake akajifuta uso. Aliniambia kwamba kwa kuwa imejulikana ni ya familia, baba na babu na shangazi, ile hofu ya figo ni ndogo sana, na vile vipimo vyote pengine havikuwa na lazima. Kwenye faili la mtoto akaufuta ule mstari wenye sporadique akaandika familiale. Neno moja kwa lingine. Nilifundisha watoto kwa miaka kufuta neno lisilo sahihi na kuandika lililo sahihi. Sikuwahi kufikiria kwamba neno linaweza kukunyima usingizi miaka yote ile kwa sababu tu mtu mmoja aliona aibu.

Hatukuachana siku hiyo. Tuliachana baadaye, kwa sababu ndogo, kama watu wanavyofanya. Alidai nimemvunjia mama yake heshima, akanipa talaka, nami nikarudi Cibitoke karibu na shule. Muda haukupita nikasikia anaposa binti mwingine, msichana wa fundi cherehani mmoja, mtaa wa pili kutoka sokoni.

Nilijiuliza kama ni kazi yangu kuwaambia. Mwishowe nilienda. Nilimkuta mama wa yule msichana, akanikaribisha, akanimiminia chai yenye tangawizi. Nikamweleza yote bila matusi: aniridie ni nini, inarithiwa vipi, kwamba si laana wala si jini, na kwamba sisemi binti asiolewe, nasema aambiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Kesho yake sokoni walikuwa wanasema yule mwalimu aliyeachwa ana wivu mpaka ameanza kuwaloga wenzake kwa Kifaransa.

Ndoa ikafungwa, na baada ya muda mke mwenzangu, kama naweza kumwita hivyo, alikuja mlangoni kwangu na mtoto wa kiume mgongoni. Sikuwa nimewahi kuongea naye. Alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyodhani. Alisema, "Dada, naomba umuangalie." Sikuhitaji kumwangalia, nilishaona jinsi mtoto alivyouchimbia uso mgongoni mwa mama yake. Hata hivyo nilimpokea, nikamgeuza polepole kuelekea dirishani. Akafumba macho akaanza kulia.

"Nilimwambia mama yako," nilisema.

"Najua. Aliniambia nilipokwisha kuzaa." Alikuwa anafungua na kufunga fundo la kitenge. "Alisema alidhani ni wivu. Halafu akasema alidhani kidogo ni kweli, lakini mahari ilikuwa imeshapokelewa."

Watu wanadhani nilifurahi. Wengine wameniambia hivyo usoni kwangu. Nilichosikia siku ile ni uchovu, na hasira isiyo na mtu wa kuipokea, kwa sababu wote waliostahili kuipokea hawakuwepo pale. Aliyekuwepo ni yule msichana. Nilimpeleka kwa daktari. Njiani nilimfundisha maneno, ili asikae pale kama mtu anayesomewa hukumu: iris, pupille, nystagmus, glaucome. Aliyarudia vizuri. Daktari alipouliza kuhusu familia, yeye alijibu mwenyewe, bila kunitazama: "Baba yake, dada yake, shangazi, na babu." Mtoto yule hakupigwa échographie za bure. Ndiyo faida pekee iliyopatikana, nami najua ililipwa na tumbo la binti yangu.

Mama mkwe hakuja kuniomba radhi. Shangazi wa Buterere alirudi kwenye nyumba yake maji yalipopungua, na akafa huko baadaye, haoni kabisa. Nilienda mazikoni. Mama mkwe alikuwepo, akipokea mikono ya watu, na aliposhika wangu aliuacha haraka.

Juzi juzi mume wangu wa zamani alinipigia simu. Anaona vibaya, anasema vitu vya pembeni vimepotea, na pikipiki zinamtokea ghafla. Aliniuliza jina la dawa ya matone anayotumia binti yetu, ili amtume mtu akanunue.

"Si dawa ya kununua tu," nilimwambia. "Lazima upimwe presha ya macho. Nenda kwa daktari."

"Unaweza kunisindikiza?"

Nikamwambia ana mke, ana mama, ana kaka. Akasema hao hawajui kuongea na daktari. Nikamwambia wajifunze, kama mimi nilivyojifunza. Sijui kama amekwenda.

Binti yangu sasa yuko sekondari. Anakaa mbele kabisa, anasoma maandishi makubwa, anatia matone yake mwenyewe asubuhi na jioni. Wiki iliyopita tulikuwa tunakula, akaniuliza kama na yeye watoto wake watatoka hivi. Nilimwambia ukweli kama daktari alivyoniambia: kila mimba, inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, nusu kwa nusu.

Alitafuna kwanza. Kisha akauliza, "Na we ulijua, ukanizaa?"

"Apana. Sikujua."

"Hukujua kabisa?"

"Kabisa, mwanangu. Walinificha."

"Sawa," alisema, akaendelea kula. Nilimtazama akichambua mfupa wa samaki kwa vidole, uso karibu na sahani, na nikaona kwamba hakuniamini sana. Amekulia katika nyumba ambamo kila mtu alisema hakujua.